Gari Lililoinuliwa: Miaka Thelathini na Mitano ya Bwana Celestino Obwona

Tarehe 30 Juni 2023, Bwana Celestino Obwona, msimamizi wa karakana yetu ya Ntinda, anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Magari ya Tausi kwa miaka thelathini na mitano. Aliingia mwaka 1988 akiwa kijana wa kuosha injini. Anaondoka akiwa mtu ambaye bila idhini yake hakuna gari jipya lililovuka lango letu. Jarida hili limezoea kuwaaga wastaafu kwa furaha. Safari hii furaha ni pungufu, na wafanyakazi wote wanajua sababu. Hata hivyo, mtu aliyefanya kazi kwa uaminifu hastahili kuagwa kwa minong'ono, kwa hiyo mambo yatasemwa kwa utaratibu, tangu mwanzo.

Bwana Obwona ni Mwacholi wa upande wa Kitgum, lakini amekulia Kampala katika nyumba za polisi za Naguru, kwa kuwa baba yake alikuwa askari. Kiswahili chake alikipata huko, pamoja na tabia ya kupiga pasi ovaroli. Vita vilipokwisha mwaka 1986, familia ilihama nyumba za serikali ikapanga chumba Kyebando, naye akaanza kushinda kwenye gereji za kando ya barabara. Magari ya miaka ile yalikuwa mabaki: hili halina viti, lile lina matundu ya risasi mlangoni. Aliyejifunzia kwenye magari hayo hakuogopa gari lolote baadaye. Kampuni ilipofungua karakana, ilimkuta anajua kazi, ikamwanzisha kwa kuosha injini hata hivyo, maana hivyo ndivyo walivyoanzishwa wote.

Mwaka huohuo wa 1988 alimwoa Akwero, mkunga wa zahanati ya jirani. Karakana nzima ilimwita Mama Opoka, kwa jina la mwana wao wa kwanza. Mumewe tulimwita Ladit, neno la heshima la Kiacholi kwa mzee, na alianza kuitwa hivyo kabla hajapata mvi hata moja.

Zipo desturi mbili za karakana ambazo ni zake, na wageni huziulizia.

Ya kwanza ni ya kumkalisha mzee. Katika miaka ya tisini mteja mmoja kutoka Masaka alikuja kuchukua gari akiwa na baba yake mzazi. Baba yule alifungua mlango wa mbele, akakaa, akaweka fimbo yake kati ya magoti, akafumba macho. Mwana alitaka kumpeleka baba kiti cha nyuma. Baba hakufumbua jicho. Mwishowe mwenye gari alirudi Masaka amekaa nyuma ya gari lake mwenyewe, likiendeshwa na dereva wetu. Obwona aliona kwamba mzee yule ndiye aliyekuwa na akili, akaifanya kanuni: gari jipya haliwashwi mbele ya mteja mpaka mtu mzima kuliko wote katika familia akae ndani kwanza. Familia zilileta mabibi kutoka vijijini, wakakaa, wakagusa kitambaa, wakaomba dua kila mmoja kwa dini yake. Wengine walisinzia, na wateja wakangoja.

Desturi ya pili ni ya mayai. Kila aina mpya ya gari ilipoingia, Obwona alinunua trei ya mayai sokoni Kalerwe, akaiweka kwenye kiti cha nyuma kabisa, akapita njia za Kyebando zilizochimbwa na mvua. Mayai yaliyopasuka yalikaangwa na kuviringishwa kwenye chapati kwa ajili ya chai ya mafundi. Kwa hiyo springi mbaya zilileta chai nzuri, na mafundi walijulikana kuombea gari likose.

Sasa tufike kwenye Kongoni, gari ambalo jina lake halitatenganishwa na la Obwona.

Kongoni ni gari la ukubwa wa kati, wala si saluni, wala si jipu. Lina mwili wa gari la nyumbani na kimo kinachokaribia cha gari la shamba. Tulianza kuliuza miaka kumi na minane iliyopita, likapendwa upesi na walimu, wafanyabiashara na maofisa. Obwona mwenyewe alinunua moja la toleo la kwanza. Lilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba tumbo lake lilikaa chini. Kila msimu wa mvua magari hayo yalirudi kwetu bampa zikining'inia na vyombo vya mafuta vimepasuliwa na mawe. Toleo la pili lilibadilishwa taa na rangi za viti, na tumbo likabaki palepale. Obwona alilishonea mabamba ya chuma, akachoka kushona.

Basi watengenezaji walipotuma watu kujaribu gari la mfano, kabla ya kuliunda upya kabisa, kampuni ilimteua yeye kuwaongoza. Aliwapeleka Kalerwe siku mtaro ulipofurika, akawapitisha Kyebando kwenye makorongo, akawafikisha hadi Kitgum na ng'ambo yake, kwenye njia ya kijijini kwao inayokatwa na kijito cha mawe. Hapo kijitoni ndipo gari la mfano lilipokwama. Obwona alishuka, akavua viatu, akaonyesha kwa kiganja cha mkono mahali tumbo la gari linapopaswa kuwa.

Mhandisi wetu, Bwana Wanjala, alikuwa katika msafara. Alimwambia jambo ambalo ni haki yake likumbukwe.

"Ladit, ukiinua sakafu, na kiti kinapanda. Umefikiria mtu anayeingia?"

"Wewe inua tu," Obwona akajibu. "Mwenye gari iko na miguu."

Watu wote walicheka, Wanjala pia. Waliokuwa kwenye msafara ule walikuwa madereva na mafundi, wenye magoti mazima. Desturi yetu ya kumkalisha mzee tulikuwa nayo kwa miaka mingi, lakini siku ya kupima gari hakuna aliyekumbuka kuleta mzee.

Toleo jipya lilifika mapema mwaka jana, na lilikuwa zuri. Sura ya mbele ilibadilishwa yote: taa zimekuwa nyembamba, wavu umekuwa mpana. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana zaidi, na ndani imepatikana safu ya tatu ya viti ambamo mtu mzima hukaa bila magoti kumgusa kidevu. Viti vyote vya nyuma hulala bapa kwa kuvuta kamba. Breki ya mkono imekuwa kitufe. Redio, ramani na kamera ya nyuma zimehamia kwenye kioo kimoja kipana cha kugusa. Kioo hicho Obwona hakukipenda, akisema dereva anayetazama sinema hafiki. Katika hilo alikosea, na wasifu huu hautamtetea: kamera ile imeokoa watoto na kuku wengi wa Kyebando. Juu ya yote, gari lilikuwa limeinuliwa kama alivyoonyesha kwa kiganja. Trei ya mayai ilirudi nzima, na mafundi wakanywa chai tupu.

Wakati huo Mama Opoka alikuwa mgonjwa. Miezi michache kabla, kiharusi kilimkuta akiwa anafagia uani. Kauli yake ilirudi vizuri, tena na ukali wake wote. Mguu wa kushoto haukurudi. Tangu hapo alikuwa na ombi moja, na alilirudia kwa kila aliyekwenda kumwona: arudi nyumbani. Miaka ya vita vya kaskazini hakuweza kwenda, na hata mama yake mzazi alizikwa kwenye kambi ya wakimbizi wa vita bila yeye kuwapo. Amani iliporudi, yeye na mumewe walijenga nyumba kidogo kidogo ng'ambo ya kile kijito, nyumba ambamo yeye hakuwahi kulala. Alitaka kufika huko akiwa amekaa mbele, anatazama, na asipelekwe amelazwa nyuma kama mzigo.

Hapa msomaji aelewe shida ilivyokuwa. Huku kwetu abiria wa mbele huingia kwa mlango wa kushoto. Hutanguliza mguu wa kulia ndani, akasimama kwa wa kushoto. Mama Opoka hakuwa na wa kushoto wa kusimamia. Katika Kongoni la zamani alikuwa na njia yake: huligeuzia gari mgongo, huketi kwanza kwenye ukingo wa kiti, kisha huvuta miguu ndani mmoja mmoja. Kiti cha gari lile kilikuwa sawa na nyonga zake. Lakini Kongoni la zamani halikuweza kuvuka kijito. Lile jipya lilivuka kijito kama mchezo, na kiti chake kilikuwa juu ya nyonga zake. Gari alilomudu kuliingia halikufika nyumbani, na lililofika hakumudu kuliingia.

Haya yalijulikana siku ya uzinduzi. Mkurugenzi alitaka kumheshimu Obwona, akaagiza kwamba mzee wa kukalishwa kwanza katika gari jipya awe mkewe. Bi Victoire Nabintu, anayekabidhi magari kwa wateja, alimleta kwa mkono mbele ya wageni. Mama Opoka alivaa gomesi ya zambarau. Aligeuza mgongo kama alivyozoea, akajaribu kuketi, kiti kikamkataa. Akajaribu mara ya pili. Kisha akasimama wima akimshika Victoire, akamtazama mumewe.

"Baba Opoka, hii nyumba umejenga, ngazi iko wapi?"

Wageni walicheka, naye akacheka nao, maana alikuwa amekusudia wacheke. Obwona hakucheka. Mgeni mwingine aliombwa akae badala yake, picha zikapigwa. Obwona alimchukua mkewe kwa gari lao la zamani wakaenda Kyebando, hakurudi kula chakula cha sherehe.

Kuanzia juma lililofuata kazi yake ilikuwa moja, nayo aliifanya baada ya saa za kazi bila kuacha ile nyingine. Alimwita Josias Kasereka, mchomeleaji kutoka Butembo nchini Kongo mwenye banda lake Kyebando, na wawili hao wakaanza kutengeneza ngazi.

Ya kwanza ilikuwa chuma kilichofungwa moja kwa moja chini ya mlango. Ilikuwa imara, na ilikwaruza kila tuta. Josias alitambaa chini ya gari akatoka amekunja uso.

"Papa, wazungu waliinua gari, sisi tumeishusha tena."

Ya pili ilikunjwa, lakini ilikuwa nyembamba. Mama Opoka alikuwa ameletwa karakana kuijaribu. Aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na kabati la spana, chai mkononi, akaitazama kwa muda.

"Hii ni ya kuku kuingia kulala," akasema. "Mimi si kuku yako, Josias."

"Mama, jaribu kwanza."

"Nijaribu nianguke, unibebe? Wewe mwenyewe upepo inakubeba."

Alikuwa akija karibu kila Ijumaa, na ukweli usemwe, mafundi walizipenda Ijumaa hizo. Aliwauliza habari za watoto aliowazalisha, akawakemea waliokonda na walionenepa. Ngazi ya tatu na ya nne zilishindwa pia. Obwona alianza kupunguza maneno. Wanjala alipendekeza springi fupi, wakalishusha gari, Obwona akalipeleka barabarani, likapiga tumbo kwenye tuta la kwanza. Alirudi, akazirudisha springi mwenyewe, hakumruhusu mtu kumsaidia.

Suluhisho lilitoka kwa Mama Opoka. Aliwaona wanaume hao watatu wamepiga magoti mlangoni wakibishana juu ya kimo, akapiga kikombe kwa kijiko.

"Nyinyi munatengeneza ngazi ya kupanda. Mimi sipandi. Mimi nakaa."

Kisha Obwona akaenda akasimama mbele yake, akamwomba ainuke, ageuke, aketi tena kwenye kile kiti cha plastiki. Akafanya hivyo. Obwona akatazama miguu yake inavyozunguka. Tulikuwa tumeshughulikia kimo cha ngazi, kumbe kilichotakiwa ni upana: mahali pa kusimama kwa miguu yote miwili, kujigeuza taratibu, na kuketi.

Ngazi ya tano ilikuwa pana kama kiti cha benchi, imevikwa mpira wa tairi kuukuu usioteleza. Ilivutwa nje kwa mkanda, ikarudi chini ya gari kwa mkanda uleule, juu zaidi ya tumbo, isiguse kitu. Kwenye nguzo ya mlango Josias alichomelea mshikio. Mwezi Aprili mwaka huu, mbele ya karakana nzima, Mama Opoka alikanyaga ngazi hiyo, akashika mshikio, akageuka, akaketi katika kiti cha mbele cha Kongoni jipya. Miguu aliivuta mwenyewe. Alishusha kioo kidogo cha juu, akajitazama, akarekebisha kitambaa cha kichwa.

"Sasa endesha," akamwambia mumewe.

Obwona alikataa. Skrubu za ngazi zilikuwa za muda, naye hakuwahi kumtoa mteja langoni kwa skrubu za muda. Alimwambia Jumatatu zitakuwa zimefungwa, na mwisho wa juma watasafiri. Mama Opoka alinung'unika, akashuka kwa njia aliyopandia, akarudi Kyebando kwa gari la zamani, akiwa na furaha. Wote walioiona siku hiyo wanakubaliana juu ya furaha hiyo.

Jumapili asubuhi kiharusi kilirudi. Hakufika hospitali.

Kampuni ilitoa basi la waombolezaji. Obwona aliomba Kongoni jipya, na Jumatatu kabla ya safari alifunga skrubu za ngazi kama alivyokuwa ameahidi. Viti vya nyuma vililazwa bapa, jeneza likaingia, mlango wa nyuma ukafungika vizuri. Kwa kawaida jamaa wa karibu hukaa mbele pamoja na dereva. Opoka, ambaye sasa ni mtu mzima, alifungua mlango wa kushoto, akaiona ngazi, akaufunga taratibu akaenda kupanda basi. Tangu Kampala hadi Kitgum kiti kile hakikukaliwa. Njia ya kijijini ilikuwa imeloa. Basi lilibaki kwenye kituo cha biashara, watu wakaendelea kwa miguu na kwa pikapu ya kampuni nyuma ya Kongoni. Gari lilivuka kijito bila tumbo lake kugusa jiwe hata moja. Josias, aliyekuwa kwenye pikapu, anasema ni ng'ambo ya pili, mahali pakavu, ambapo Ladit alisimamisha gari, akazima injini, akainamia usukani. Waliokuwa nyuma walingoja mpaka alipoliwasha tena.

Alirudi kazini baada ya matanga, na miezi hii ya mwisho ameifanya kikamilifu. Ngazi imekubaliwa na kampuni, na mteja yeyote mwenye mzee nyumbani hufungiwa. Wanjala ameipeleka michoro yake kwa watengenezaji. Hawajajibu. Desturi ya kumkalisha mzee imeendelea, isipokuwa kwamba Obwona huisimamia akiwa amesimama mbali kidogo, na kumwachia Victoire kazi ya kushika mkono.

Ni desturi pia kumpa mstaafu zawadi. Uongozi uliamua kumpa Kongoni lile jipya, lenye ngazi, aende nalo kwao, kwa kuwa ndilo linaloweza kufika. Alishukuru kwa heshima na kulikataa. Mkurugenzi alipomwuliza sababu, alijibu kwa sauti ambayo waliokuwa karibu pekee ndio walioisikia.

"Hii ilimubeba mara moja tu, na alikuwa amelala. Ile ya zamani inamujua."

Kwa hiyo ataondoka na Kongoni lake la toleo la kwanza, tumbo chini kama lilivyokuwa siku zote. Ataliacha kwenye kituo cha biashara, kwa muuza duka ambaye wamekubaliana naye, na kwenda kwa miguu mpaka nyumbani, ambako kaburi liko upande ambako jua huchomoza. Victoire alimwuliza, kama binti anavyomwuliza baba, atafanyaje mvua ikinyesha na kijito kikijaa.

"Nitavua viatu, nitangoja," akasema. "Maji inapita."

Bwana Obwona, kwa niaba ya karakana, ofisi na madereva wa Ntinda, tunakushukuru kwa magari yote uliyoyakataa mpaka yakawa salama, na kwa watu uliowafundisha kukataa vivyo hivyo. Mayai yataendelea kununuliwa Kalerwe, na wazee wataendelea kukaa kwanza. Nenda kwa amani. Mungu akupe afya, wajukuu wa kukuchosha, na njia kavu kila siku utakayotaka kuvuka.